SPIDI YA NINI MLIMANI? Gia ya pikipiki yenu na safari ya watu wawili

  Mwezi uliopita wengi mliniomba niguse suala la usafiri, hasa ninyi ambao ndiyo kwanza mmeanza maisha na gari bado liko mbali. Haya, mwezi huu tunazungumzia pikipiki. Tena tunaipandisha mlimani.

Mkiingia dukani kununua pikipiki, sikiliza maswali mawili yanayoulizwa. Mwanaume huinama kwenye dashibodi, akatazama namba ya mwisho kwenye saa ya spidi, kisha akauliza: "Hii inaenda ngapi?" Mwanamke yeye huangalia kiti cha nyuma na kuuliza: "Hivi hii itatupandisha wote wawili?" Muuzaji atacheka na kumjibu yule wa kwanza. Lakini ukweli ni kwamba swali la pili ndilo la kifundi zaidi, na jibu lake limefichwa mahali ambapo watu wengi hawaangalii kabisa: kwenye gia, cheni na sproketi.

Tusiende kwa nadharia tupu, tuchukue mfano. Vijana wawili wamefunga ndoa mwaka huu. Bwana ni mwalimu, bibie ni nesi, na wote wamepangiwa kazi Nangwa, wilayani Hanang, mkoani Manyara. Sina majina ya kuwapa. Waite kwa jina lako na la mwenzi wako.

Nangwa iko chini ya Mlima Hanang, mlima wa volkano wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, unaotajwa kuwa wa nne kwa urefu hapa Tanzania. Kuna lami inayotoka Babati kupitia Katesh mpaka Singida, na juu ya lami hiyo pikipiki yoyote ni pikipiki. Shida inaanza ukishaiacha lami na kushika njia za vijijini. Kiangazi ni vumbi na mawe, masika ni tope, na karibu kila kijiji kina kilima chake. Siku ya mnada ndiyo usiseme. Mtu, mke, mtoto na gunia la maharage, vyote juu ya magurudumu mawili.

Sasa wanandoa wetu wamejichanga wakanunua pikipiki ya sisi 125. Kwenye saa namba ya mwisho ni kubwa, bwana roho kwatu. Wiki ya kwanza wanapanda kilima wakiwa wawili, injini inakoroma, spidi inashuka, gia inapanguliwa mpaka ya kwanza, na bado chombo kinakata katikati ya kilima. Bibie anashuka, anatembea kwa miguu na viatu vyake vya kazini mkononi. Hapo ndipo maneno yanapoanza. "Ulisema inaenda mia moja na ishirini!" "Tatizo ni uzito wako!" Ugomvi huo, msomaji wangu, hauhusiani na uzito wa mtu yeyote. Ni hesabu ya meno ya sproketi.

GIA NI KITU GANI HASA?

Kumbuka baiskeli. Ile ya kawaida isiyo na gia, ukifika kilimani unashuka na kusukuma. Rafiki yako mwenye baiskeli ya gia anapangua, miguu yake inazunguka harakaharaka huku baiskeli ikienda polepole, lakini anafika juu akiwa bado amekaa. Hajawa na nguvu kukuzidi. Amebadilisha mbio kwa nguvu. Gia zote duniani zinafanya biashara hiyo moja: ukitaka nguvu unatoa spidi, ukitaka spidi unatoa nguvu. Hakuna fundi anayekupa vyote viwili bure.

Kwenye pikipiki biashara hiyo inafanyika mara kadhaa. Kwanza ndani ya injini, kwenye giaboksi, pale unapokanyaga gia ya kwanza, ya pili na kuendelea. Halafu inafanyika tena nje, mahali ambapo unaweza kupaona kwa macho: sproketi ndogo ya mbele karibu na injini, cheni, na sproketi kubwa ya nyuma kwenye tairi. Hapa nje ndipo fundi wa mtaani anaweza kubadilisha tabia ya pikipiki yako bila kufungua injini.

Tuhesabu kidogo, usiogope. Tuseme sproketi ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42. Gawanya 42 kwa 14, unapata 3. Maana yake sproketi ya mbele inazunguka mara tatu ili tairi la nyuma lizunguke mara moja. Sasa toa jino moja tu mbele, weka ya meno 13. Gawanya 42 kwa 13, unapata 3.23. Injini inazunguka zaidi kwa kila mzunguko wa tairi, na nguvu ya kuvuta kwenye tairi inaongezeka kwa karibu asilimia 8. Spidi nayo inapungua: pale ambapo injini ikizunguka kiasi fulani ilikuwa inakupa kilomita 90 kwa saa, sasa kwa mzunguko uleule itakupa kama 84.

Njia ya pili ni kuongeza meno nyuma. Ukiacha 14 mbele ukaweka 45 nyuma, unapata 3.21, karibu sawa na ile ya kwanza. Kwa hiyo kumbuka: jino moja mbele ni sawa na meno matatu hivi nyuma. Ndiyo maana fundi akikwambia "nakupunguzia jino moja tu", usidhani ni kitu kidogo.

MBONA DAR ILIKUWA INAVUTA?

Hili ni swali la wengi waliohama mjini. Pikipiki ileile iliyokuwa moto wa kuotea mbali pale Dar es Salaam, ikifika nyanda za juu inakuwa mchovu. Watu husingizia mafuta, wengine husema injini imekwisha. Mara nyingi ni hewa.

Injini inachoma mafuta kwa kutumia hewa, na kadiri unavyopanda juu hewa inakuwa nyembamba. Kwenye urefu wa mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa inayoingia kwenye silinda imepungua kwa karibu asilimia 14 ukilinganisha na pwani. Nguvu ya injini ya kawaida nayo inapungua kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Pikipiki yenye nguvu za farasi 10 pwani, kwenye urefu huo ina kama nane na nusu. Na Hanang ukizidi kupanda kuelekea vijiji vya mlimani, nguvu inazidi kupungua.

Zaidi ya hapo, kabureta iliyopimwa pwani inaendelea kumwaga mafuta kwa kipimo cha pwani, wakati hewa imepungua. Mchanganyiko unakuwa mzito, plagi inaota masizi meusi, moshi unatoka mweusi na mafuta yanaisha haraka. Kama plagi yako inatoka nyeusi kama mkaa kila ukiifungua, mwambie fundi apime kabureta kwanza kabla hujagusa sproketi. Unaweza kukuta nusu ya ugonjwa ulikuwa pale.

Na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Mlimani, sproketi ya kupunguza spidi inaweza kukufikisha mapema zaidi. Kivipi? Injini ndogo ina mzunguko wake ambao ndipo nguvu inapojaa. Ukiwa na sproketi ya mbio, hewa nyembamba na watu wawili, gia ya mwisho inakuwa nzito kiasi kwamba injini haifikii mzunguko huo kabisa. Unaweka gia ya juu, inakufa, unapangua, inalia, unarudisha, inakufa tena. Ukipunguza jino moja mbele, gia ileile inabebeka. Ile spidi ya karatasini umeipoteza, lakini hukuwahi kuwa nayo mlimani hata siku moja.

WATU WA THELUJI WALISHALIJUA HILI

Hanang na Kanada si wageni. Tangu miaka ya 1970 serikali ya Kanada ilifadhili mashamba makubwa ya ngano ya uwanda wa Basotu, matrekta yakafika huko, na wafugaji wa Kibarbaig wakapoteza sehemu kubwa ya malisho yao. Hiyo ni hadithi nzito yenye siku yake. Leo nataka tuazime jambo moja dogo kutoka kwa hao Wakanada, na halihusu ngano.

Nchini kwao, msimu wa baridi barabara zinafunikwa na theluji, na watu hutumia pikipiki za theluji. Ni chombo chenye vyuma viwili vya kuteleza mbele, na nyuma badala ya tairi kuna mkanda mpana wa mpira wenye meno. Joseph-Armand Bombardier wa Quebec ndiye aliyeleta Ski-Doo sokoni mwaka 1959, na leo kampuni za Kanada na Marekani zinatengeneza za aina nyingi.

Sasa sikiliza. Zipo za kukimbilia kwenye njia tambarare, na zipo za milimani, kama Ski-Doo Summit na Polaris RMK. Hizi za milimani zina injini ya sisi 850 hivi, yenye nguvu za farasi zaidi ya 150. Ukiwa na nguvu kama hizo ungetegemea wazifunge gia za mbio, sivyo? Wanafanya kinyume. Chombo cha mlimani hufungwa gia ya chini kuliko ndugu yake wa tambarare, kwa sababu kwenye theluji laini iliyosimama kama ukuta hakuna mtu atakayefikia spidi ya mwisho. Anachohitaji ni mkanda uanze kuzunguka upesi na uendelee kuzunguka bila injini kuzama. Hewa nyembamba nayo wanaihesabia, na baadhi ya mashine hizo sasa zinatoka kiwandani zikiwa na turbo ili zirudishiwe pumzi iliyopotea.

Vyombo hivyo havina gia za kukanyaga. Vina mkanda unaozunguka kati ya puli mbili zinazotanuka na kusinyaa kadiri injini inavyozunguka, kama skuta za mjini. Lakini nyingi, baada ya puli hizo, zina cheni na sproketi mbili ndani ya kasha, moja juu na moja chini, zinazofanya kazi kama hizihizi za kwetu. Mpanda milima wa kule akinunua chombo cha tambarare na kukipeleka juu, fundi wake atamwambia maneno yaleyale atakayoambiwa mwalimu wetu wa Nangwa: badilisha uwiano wa meno.

Kama mwenye farasi 150 anakubali kuacha spidi ili apande, wewe mwenye farasi nane na nusu na mke nyuma unashindana na nani?

MZIGO NI WA WAWILI

Turudi kwa wanandoa wetu pale kwenye kilima. Pikipiki tuseme ina kilo 120, bwana ana 65 na bibie ana 65. Ongeza mzigo wa kilo 30. Jumla 280. Kilima kina mwinuko wa mita 10 kwa kila mita 100 za njia, wala si kikali sana kwa vipimo vya Hanang. Injini hapo inafanya kazi sawa na kubeba kilo 28 zinazoning'inia hewani, mwanzo wa kilima mpaka mwisho, bila kupumzika, mbali na kushindana na mawe na tope.

Bwana akiwa peke yake bila mzigo, jumla ni 185, na zile kilo zinazoning'inia zinakuwa 18 na nusu. Unaona tofauti? Anapoijaribu pikipiki peke yake barabarani na kurudi akisema "inavuta balaa", hajasema uongo. Ameijaribu pikipiki nyingine kabisa, siyo ile watakayoipanda pamoja.

Ndiyo maana safu hii inasema, mjaribu wote wawili. Mkienda kununua, muombeni muuzaji mpande pamoja, mtafute kilima au hata tuta refu, muisikilize injini. Anayekaa nyuma ana mengi ya kusema: kama kiti kinamteleza mnapopanda, kama miguu inafika kwenye vikanyagio, kama anahisi chombo kinavuta kwa mkupuo au kwa utulivu. Ndoa nyingi za vijana zina tabia moja mbaya, kwamba vitu vya injini ni vya baba na vitu vya jikoni ni vya mama. Lakini pesa ya pikipiki mara nyingi imetoka kwenye mifuko miwili, na mgongo unaoumia barabarani si wa baba peke yake.

Na mishikaki, tafadhali. Najua mnanielewa. Hakuna sproketi iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wanne juu ya kiti cha watu wawili.

KUSHUKA NDIKO KWENYE KAZI

Tumeongea sana kuhusu kupanda, lakini majeruhi wengi hawatoki kwenye kupanda. Ukishindwa kupanda, unasimama. Ukishindwa kushuka, husimami.

Kuna tabia imezoeleka sana: mtu akifika kwenye mteremko anaweka gia huru, wengine wanazima na injini kabisa, eti anaokoa mafuta. Hapo umeikata kamba iliyokuwa inakushikilia. Pikipiki ikiwa ndani ya gia na umeachia mafuta, injini yenyewe inakuwa breki. Inaizuia tairi isizunguke ovyo. Ukiitoa kwenye gia, kazi yote inahamia kwenye breki, na hizi breki za ngoma za pikipiki ndogo zikishikwa mfululizo kwenye mteremko mrefu zinapata moto na kulegea. Unakanyaga, hamna kitu.

Kanuni ya madereva wa zamani wa malori inafaa hapa vilevile: kilima ulichokipanda kwa gia ya pili, kishuke kwa gia ya pili. Pangua kabla mteremko haujaanza, siyo katikati ukiwa umeshashika mbio. Na hapa sproketi ya mlimani inakulipa mara ya pili, kwa sababu ileile nguvu inayokuvuta kupanda ndiyo inayokushikilia kushuka.

Masika yana jambo lake jingine. Tope likikolea, gia ya kwanza inaweza kuwa na nguvu kupita kiasi, tairi likazunguka bila kusogea. Ukiwa kwenye utelezi tumia gia ya pili, mafuta kidogo, klachi taratibu. Na kama maji yanashuka kwenye korongo, gia haihusiki tena. Watu wa Hanang hawahitaji kukumbushwa. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Mlima ukianza kushuka wenyewe, hakuna pikipiki inayoukimbia. Subirini upande wenu, hata kama ni kulala kwa shangazi.

HIVI MBIO ZINAOKOA NINI?

Najua wapo ambao bado roho inauma. "Sasa ukinipunguzia jino, kwenye lami nitapitwa na kila mtu." Sawa, tupige hesabu ya mwisho.

Safari ya kilomita 20 kwa spidi ya 80 inachukua dakika 15. Kwa spidi ya 60 inachukua dakika 20. Umeokoa dakika tano. Ni muda wa kunywa chai nusu kikombe. Lakini chombo kinachokimbia 80 kina nguvu ya kugonga karibu mara 1.8 ya kile kinachokimbia 60, na mara nne ya kile kinachokimbia 40. Breki nazo zinatakiwa ziimalize nguvu yote hiyo kabla hujamfikia mtoto aliyekimbiza mpira, au ng'ombe wa mnadani aliyeamua kuvuka. Na kumbuka kwenye makazi ya watu sheria inasema 50. Hata ukiwa na pikipiki ya kuruka, pale Nangwa madukani ni 50.

Wapo akina dada walioniandikia wakisema wakimwambia mume "punguza" anaongeza. Dada yangu, usimwambie pale juu ya pikipiki, upepo unavuma na yeye anajisikia bingwa. Mwambie nyumbani, mmekaa, chai ipo mezani. Mwambie hivi: "Mume wangu, nikikaa nyuma yako sioni mbele. Macho yangu ni wewe." Kama ana moyo, atasikia. Kama hakusikia, una haki ya kukataa kupanda, na hiyo si dharau. Na wewe kaka, mwenzako akikwambia anaogopa, usimwite mshamba. Mtu anayekaa nyuma ya mwingine bila usukani wala breki amekupa imani kubwa kuliko wanavyokupa watu wengi.

MKIENDA KWA FUNDI

Haya, kwa wale walioamua kubadilisha, yachukueni haya mkononi.

Kwanza, hesabuni meno ya sproketi zenu kabla ya kwenda. Mara nyingi namba imepigwa mhuri kwenye sproketi yenyewe. Gawanyeni ya nyuma kwa ya mbele, mwandike jibu kwenye simu. Mkifika kwa fundi mkiwa na namba yenu, mazungumzo yanabadilika.

Pili, anzeni na jino moja mbele. Ni bei rahisi kuliko kubadilisha nyuma, na kwa kawaida cheni ileile inatosha. Mkiongeza meno nyuma, huenda mkahitaji cheni ndefu zaidi. Ila msipunguze mbele kupita kiasi, maana sproketi ndogo sana inakunja cheni kwa nguvu na kuila haraka.

Tatu, kama cheni imezeeka na meno yamechongoka kama papa, badilisheni vyote vitatu pamoja: cheni, sproketi ya mbele na ya nyuma. Cheni mpya kwenye meno yaliyolika inakufa mapema, nayo itakuwa hasara mara mbili.

Nne, cheni iwe na ulegevu wa sentimita 2 hadi 3 katikati. Nyingi hukaza mtu na mzigo vikishapanda. Fundi akiikaza pikipiki ikiwa tupu bila kufikiria hilo, siku ya kubeba wawili itavutika mpaka ikatike.

Tano, saa ya spidi. Pikipiki nyingi ndogo saa yake inasoma kwa waya kutoka tairi la mbele, hivyo haitadanganya baada ya kubadilisha sproketi. Lakini kama yenu inasoma kutoka kwenye giaboksi, itawaonyesha spidi kubwa kuliko mnayokwenda. Muulizeni fundi.

Sita, jueni gharama. Kwenye lami ndefu injini itazunguka zaidi na mafuta yataongezeka kidogo. Kama safari zenu nyingi ni za lami, Babati na kurudi, huenda sproketi ya kiwandani ndiyo yenu, na mlima mkaupanda kwa subira. Kama nyingi ni za vijijini, punguzeni jino. Kaeni chini mhesabu safari za wiki moja: ngapi za lami, ngapi za mlima, ngapi za wawili, ngapi za mmoja. Jibu litatoka humo.

Na saba, kofia ngumu mbili. Siyo moja ya baba na kanga ya mama.

Kwa hiyo mwezi huu nawaachia kazi ndogo ya nyumbani. Jioni moja tulivu, tokeni nje wote wawili na tochi ya simu, muiname kwenye pikipiki yenu mhesabu meno. Mmoja ahesabu mbele, mwingine nyuma. Halafu amueni pamoja pikipiki hiyo ni ya safari gani. Mkimaliza, nawe mama usisite kushika usukani uwanjani ujifunze. Siku baba akiumwa usiku na njia ya kwenda zahanati ni ya kilima, pikipiki itamhitaji mtu anayejua gia ya pili iko wapi.

Niandikieni mniambie mmepata namba ngapi. Tukutane mwezi ujao panapo majaliwa, tutakapozungumzia akaunti ya pamoja ya benki: nani aweke, nani atoe, na nani ajue neno la siri. Mpaka hapo, pangueni gia mapema na mpendane.